Hafubeki wa Mkono Mmoja: Cooper Cronk na Fainali ya 2018

Jumamosi ya tarehe 22 Septemba 2018, Sydney Roosters waliwafunga majirani zao South Sydney Rabbitohs 12-4 na kuingia fainali kuu ya NRL, ligi kuu ya raga ya ligi nchini Australia. Ilikuwa pia mechi ya mwisho ya ligi hiyo kwenye uwanja wao wa Moore Park kabla haujabomolewa. Mashabiki walikuwa na kila sababu ya kutoka wakiimba. Badala yake gumzo lilikuwa moja: bega la Cronk likoje?

Cooper Cronk, hafubeki wao, yaani mchezeshaji anayevaa namba 7, aliumia mapema katika mechi hiyo na akaendelea kucheza huku mkono umening'inia. Fainali ilikuwa siku nane mbele. Waliokuwa wakisubiri upande wa pili ni Melbourne Storm, klabu iliyomlea na kumfanya awe Cronk tunayemjua, aliyoichezea mechi 323 kabla ya kuhamia Sydney.

Wiki nzima habari zilizosambaa zilisema ni misuli inayozunguka bega ndiyo imechanika. Baada ya fainali kupigwa na kombe kubebwa ndipo ukweli ukajulikana: kombe la bega, ule mfupa bapa wa nyuma, lilikuwa limevunjika kwa mpasuko wa takribani sentimita 15. Alikuwa amecheza hivyohivyo. Roosters walishinda 21-6.

Kisa hiki husimuliwa sana kama hadithi ya ushujaa, na sina ugomvi na wanaokisimulia hivyo. Mtu kuingia katikati ya majitu ya kilo 110 akiwa na mfupa uliovunjika si jambo la kila siku. Ila ukitazama mechi yenyewe kwa utulivu, ushujaa hauelezi ushindi. Maumivu hayafungi trai. Kinachohitaji kuelezwa ni hiki: mchezeshaji asiyeweza kupasi vizuri, asiyepiga mateke, asiyekaba kama kawaida, alikuwa anafanya nini pale uwanjani cha kumfanya kocha mwenye akili timamu ampe nafasi mbele ya mtu mzima wa afya?

Kwanza tuwekane sawa kuhusu mchezo, kwa sababu wengi wetu Afrika Mashariki raga tunayoijua ni ile ya Shujaa, timu ya Kenya ya wachezaji saba, na raga ya ligi ni ndugu yake wa mbali kidogo. Hapa kila timu ina watu 13 na mechi ni dakika 80. Mchezaji akikabwa, hakuna kugombania mpira chini: anainuka, anauburuza nyuma kwa mguu, mwenzake anauchukua, na walinzi wanatakiwa wawe wamerudi mita 10. Timu inaruhusiwa kukabwa mara sita. Mkabo wa sita ukitimia bila trai, yaani bila mpira kuwekwa chini nyuma ya mstari wa wapinzani, mpira ni wao. Ndiyo maana baada ya mkabo wa tano kwa kawaida mpira hupigwa teke, ama mbali ili kuwarudisha wapinzani kwao, ama karibu na mstari ili mtu aurukie. Trai ni pointi 4, mkwaju wa baada ya trai 2, na penalti ikipigwa golini ni 2 vilevile. Kuna pia teke la kudondosha, ambapo mchezaji anauachia mpira uguse nyasi kisha anaupiga upite katikati ya nguzo, pointi 1 kwa kanuni za wakati ule.

Kwa utaratibu huo mchezo unakuja kwa mafungu ya mikabo sita sita, na kila fungu linahitaji mtu wa kuamua litaishia wapi. Huyo ndiye namba 7.

Mtazame katika fungu moja tu la kawaida. Fulbeki amedaka teke la wapinzani na kuangushwa mita 15 kutoka mstari wake mwenyewe. Namba 7 hajagusa mpira. Anapita nyuma ya rundo la watu na kuita jina la forwadi atakayebeba mpira safari ijayo. Mkabo wa pili bado hajaugusa. Macho yake yako kwa winga wa upande ule mwingine, kuona kama amesogea mbele kusaidia ulinzi au amebaki nyuma kusubiri teke. Mkabo wa tatu anaanza kuisukuma timu yake upande fulani, kwa mkono na kwa sauti. Wa nne anamtuma forwadi mwingine aangukie mahali maalum, si mbele sana wala pembeni sana, ili mpira ukirudishwa mpigaji awe na nafasi na mguu wake wa nguvu uwe upande sahihi. Wa tano, teke. Kamera ya televisheni inaonyesha teke. Mtangazaji anasifia teke. Kazi nyingine yote imeshafanyika kabla.

Cronk alijijengea jina kwenye kazi hiyo isiyoonekana. Wapo waliokuwa na vipaji vya kumeremeta kuliko yeye katika kizazi chake. Johnathan Thurston ni mmoja na wala hahitaji mjadala. Cronk hakuwa mtu wa kukufanya uinuke kwenye kiti. Alikuwa yule ambaye dakika ya 77, timu zikiwa sare, kila mwenzake anajua tayari atakuwa amesimama wapi.

Na hakuanza akiwa namba 7. Alizaliwa Brisbane mwaka 1983, akapitia Norths Devils, timu ya Queensland ambako Melbourne Storm walikuwa wanawapeleka vijana wao. Cameron Smith na Billy Slater, vijana wa umri wake, walipitia hapohapo. Alipoingia timu kubwa mwaka 2004 alikuwa mchezaji wa kuziba mapengo akitokea benchi: leo katikati, kesho pembeni, kesho kutwa hachezi. Jezi ya namba 7 ilikuwa ya Matt Orford. Orford alipoondoka mwishoni mwa msimu wa 2005, kocha Craig Bellamy alimkabidhi Cronk nafasi hiyo, na wengi waliona ni kamari kwa sababu hafubeki wa aina yake kwa kawaida hukua na kazi hiyo tangu shule. Cronk ilibidi ajifunze ukubwani. Alikaa na mpira baada ya mazoezi akirudia mateke yaleyale, pasi zilezile, pembe zilezile, mpaka watu wakawa wanamtania kuwa ni roboti. Msimu wake wa kwanza katika nafasi hiyo, 2006, alitajwa hafubeki bora wa mwaka wa ligi.

Nadhani hapo ndipo tofauti yake na wengine ilipoanzia. Mtu aliyezaliwa na kitu mara nyingi hawezi kukueleza anakifanyaje. Aliyekijenga kipande kwa kipande anajua kila kipande kinakaa wapi, na siku kipande kimoja kikivunjika anajua ni kipi kinaweza kubebwa na mwenzake.

Miaka iliyofuata naipitia kwa haraka, maana rekodi ipo na inajisemea. Fainali kuu ya 2006 alipoteza mbele ya Brisbane Broncos. 2007 alishinda, 2008 Manly wakawapiga 40-0, 2009 akashinda tena. Aprili 2010 ikabainika kuwa klabu ilikuwa na mpango wa siri wa kuwalipa wachezaji kupita ukomo wa mishahara; ubingwa wa 2007 na 2009 ukafutwa, na Storm wakacheza msimu wote wa 2010 bila kuruhusiwa kupata pointi hata moja. Kuna timu zingesambaratika. Septemba 30, 2012 Storm walirudi na kuifunga Canterbury Bulldogs 14-4, na nishani ya Clive Churchill, inayotolewa kwa mchezaji bora wa fainali, ikaenda kwa Cronk. Nishani ya Dally M ya mchezaji bora wa ligi aliipata 2013, na tena 2016 akigawana na Jason Taumalolo.

Katika State of Origin, mechi za kila mwaka kati ya majimbo ya Queensland na New South Wales ambazo kwa uhasama wake zinazidi hata za timu ya taifa, alisubiri sana. Mbele yake walikuwa Thurston na Darren Lockyer. Lockyer alipostaafu, Cronk akapata namba 7 mwaka 2012, na mwaka huohuo mechi ya tatu iliamuliwa na teke lake la kudondosha kutoka kama mita 40: Queensland 21, New South Wales 20. Mwaka 2014 alivunjika mkono katika mechi ya kwanza. Queensland, waliokuwa wameshinda mfululizo huo miaka minane bila kukatika, walipoteza mechi hiyo na ya pili, na mfululizo ukawaponyoka. Cronk aliporudi kwa mechi ya tatu walishinda 32-8. Sitasema yeye peke yake ndiye aliyekuwa tofauti. Mechi ile ya tatu haikuwa na kombe tena la kugombania. Lakini waliokuwa wanasema ni mchezaji wa kawaida anayebebwa na Smith na Slater walipunguza sauti.

Mwaka 2017 alitangaza kuwa anaondoka Melbourne ili aishi Sydney, alikokuwa mchumba wake. Aliondoka na kombe mkononi, baada ya kuwapiga North Queensland Cowboys 34-6 kwenye fainali, kisha Roosters wakamsajili. Usajili huo haukupokelewa kwa shangwe tupu. Ulimwondoa Mitchell Pearce, kijana wa nyumbani aliyevaa namba 7 ya Roosters kwa miaka, akaenda Newcastle. Msimu wa 2018 ulipoanza timu ikasuasua, na maswali yakawa mengi: hivi kweli mtu wa miaka 34 analetwa kufanya nini? Kufikia mwisho wa ratiba Roosters walikuwa juu ya msimamo, wakilingana pointi 34 na timu nyingine tatu na kuwapita kwa tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa tu. Melbourne walikuwa wa pili.

Hapo ndipo bega likavunjika.

Tujiweke kwenye kiti cha kocha Trent Robinson. Alikuwa na njia tatu. Angeweza kumwacha Cronk nje kabisa, amsogeze Luke Keary kutoka namba 6, nafasi ya mchezeshaji wa pili, abebe uchezeshaji wote, na ampe mtu mwingine nafasi ya pembeni yake. Angeweza kumweka benchi, aingie kama mambo yakiharibika. Au amwanzishe.

Njia ya pili inaonekana ya busara lakini kwa maoni yangu ndiyo mbaya kuliko zote. Wakati ule benchi la NRL lilikuwa la watu wanne tu, na kazi yao kubwa ilikuwa kuwapumzisha forwadi wanaochoka kwa kukimbia na kukaba katikati. Kumweka pale mtu mwenye mkono mmoja ni kujinyima forwadi mmoja kwa dakika zote 80, halafu umwingize mchezeshaji dakika ambayo tayari umeshapoteza mwelekeo. Mpangaji anapaswa kuwepo mwanzo, mpango unapowekwa.

Njia ya kwanza ndiyo ambayo makocha wengi wangeichagua, na hakuna ambaye angewalaumu. Hatari ya njia ya tatu ilikuwa wazi: Cronk akigongwa dakika ya tano na kushindwa kuendelea, Robinson angekuwa amechoma nafasi moja kati ya 17 kwenye mechi kubwa kuliko zote za mwaka, na magazeti ya Sydney yangemla nyama. Mbaya zaidi, upande wa pili alikuwepo Bellamy, aliyemfundisha Cronk hiyo kazi, na Smith na Slater waliocheza naye tangu ujana. Hakuna watu duniani waliokuwa wanamjua vizuri kuliko hao.

Ndiyo maana klabu iliufunga mdomo. Kusema ni misuli ya bega ni kusema mtu ana maumivu. Kusema mfupa umepasuka ni kumwelekeza Nelson Asofa-Solomona, mtu wa futi sita na nusu hivi, mahali pa kukimbilia.

Jumapili ya tarehe 30 Septemba, miaka sita kamili tangu fainali ile ya 2012, zaidi ya watu 82,000 walijaa Stadium Australia. Cronk akatoka chumbani akiwa amevaa namba 7, mwili umeshatiwa sindano za kutuliza maumivu.

Ukiirudia mechi hiyo leo, fanya jambo moja: usiufuate mpira, mfuate yeye. Anasimama mbali na rundo kuliko kawaida yake. Mkono mmoja umelala karibu na kifua. Ule mwingine haupumziki: unaonyesha kushoto, unaita mtu, unamsukuma mwenzake hatua mbili nyuma. Mpira ukimfikia anauachia haraka, pasi fupi ya kwenda kwa mtu wa karibu. Kuna nyakati anakimbia kwenye mstari wa mashambulizi kana kwamba ndiye atakayepokea, na mlinzi analazimika kumtazama, wakati mpira unapita nyuma yake kwenda kwa Keary. Mlinzi hawezi kumpuuza, kwa sababu huyo ni Cronk, na miaka 14 ya ligi imewafundisha kwamba ukimpuuza unaadhibiwa. Jina lake lilikuwa linawavuta walinzi hata pale mkono ulipokuwa hauwezi kuwafanya chochote.

Kazi zake nyingine ziligawanywa. Mateke yakaenda kwa Keary. Mitchell Aubusson, mmoja wa watu ambao Roosters wangewatuma popote na wakaenda bila kuuliza, akawa karibu naye kubeba mzigo wa kukaba. Jake Friend, namba 9, akawa anatoa mpira moja kwa moja kwa Keary mara nyingi kuliko siku zote. Walichobakiza kwa Cronk ni kile ambacho hakuna mwingine angeweza kukibeba: kuona na kusema. Waliocheza naye walieleza baadaye kuwa ilikuwa kama kuwa na kocha ndani ya uwanja.

Daniel Tupou akafunga trai mapema. Latrell Mitchell akafuata. Zote mbili zilikuwa za upande wa kushoto, upande wa Keary. James Tedesco akaongeza ya tatu, na timu zikaenda mapumziko ubao ukisoma 18-0. Fainali ilikuwa imekwisha, ingawa dakika 40 zilibaki.

Melbourne walikuwa wapi? Swali hili huulizwa mara chache kwa sababu hadithi ya bega imelimeza. Kwa jinsi ninavyoiona, Storm walishindwa na vitu viwili. Hawakumshambulia Cronk vya kutosha na kwa mpangilio. Walimpelekea watu, ndiyo, lakini si kwa lile fungu baada ya fungu ambalo Storm wenyewe walikuwa mabingwa wake. Ili kumlenga mtu mmoja namna hiyo unahitaji kwanza uwe na mpira na uwanja, na kwa ulinzi wa Roosters usiku ule hawakupata vyote viwili. Pili, walikosa mtu wa kuwatuliza. Cameron Munster, namba 6 wao mwenye kipaji kikubwa, alitolewa nje dakika 10 mara mbili katika mechi hiyo moja. Namba 7 alikuwa Brodie Croft, kijana aliyeachiwa viatu vya Cronk, na si haki kumlaumu kijana kwa kutokuwa Cronk. Trai yao pekee ilipatikana kipindi cha pili kupitia kwa Josh Addo-Carr, mbio zake zikiwa zilezile. Slater alimaliza mechi yake ya mwisho ya maisha akiwa upande ulioshindwa, mbele ya rafiki aliyekuwa anaukumbatia mkono wake mwenyewe.

Nishani ya Clive Churchill ilipewa Keary, na ilistahili. Narudia jambo hili kwa sababu simulizi za miaka ya karibuni zinamfanya Keary aonekane kama msaidizi kwenye hadithi ya mtu mwingine. Yeye ndiye aliyepiga mateke, aliyekimbia, aliyepasua ulinzi. Robinson alimwanzisha Cronk kwa sababu alikuwa na Keary. Weka pembeni ya Cronk namba 6 asiyejiweza na kamari ile inageuka wazimu.

Je, ilikuwa sawa kumchezesha? Nakubali kwamba ilikuwa sawa, kwa mazingira yale. Kombe la bega limefunikwa na misuli mbele na nyuma, na mivunjiko mingi ya sehemu yake ya kati hupona bila upasuaji. Mwenye bega alikuwa mtu mzima wa miaka 34, anayejua mwili wake, kwenye mechi ya mwisho ya msimu, akiwa na miezi ya kupona mbele yake. Na alirudi 2019 akacheza. Badilisha kimoja tu kati ya hivyo, weka kijana wa miaka 19 kwenye mechi ya katikati ya msimu, na nitakuwa wa kwanza kusema kocha afukuzwe. Inaniudhi ninapoona makocha wa timu za mitaani wakikitumia kisa hiki kumwambia mtoto aliyeteguka avumilie. Cronk hakuvumilia tu. Timu nzima ilibadilishiwa kazi kwa wiki moja ili yeye asihitaji kutumia bega.

Hilo la kubadilisha kazi ndilo ningependa lisomwe zaidi. Kwa kawaida tunaposema mchezaji wa kutegemewa tunafikiria yule asiyekosea: teke lake linafika, pasi yake haianguki. Usiku ule Cronk hakuwa na teke wala pasi. Wenzake waliendelea kumtegemea kwa kitu kilichokuwa kimejengeka chini ya hivyo. Walikuwa wanajua anaona nini, na walikuwa wameshayasikia maagizo yake mara nyingi mno kiasi kwamba neno moja lilitosha. Ndiyo maana Melbourne hawangeweza kukivunja kwa kumgonga bega.

Mwaka uliofuata Roosters walirudi fainali, Oktoba 6, 2019, dhidi ya Canberra Raiders. Cronk alikuwa ameshatangaza kustaafu, na hiyo ilikuwa mechi yake ya 372 na ya mwisho. Kila mtu alitarajia aage kwa utulivu wake uleule. Dakika ya 50 hivi alimkaba Josh Papalii kabla mpira haujamfikia, karibu kabisa na mstari, na mwamuzi akamtoa nje dakika 10. Canberra walipiga penalti na kusawazisha 8-8. Kwa hiyo mtu wa kutegemewa kuliko wote alikuwa amekaa kando, mechi sare, timu yake ikiwa na watu 12 dhidi ya 13.

Nilidhani wangevunjika. Kwa dakika zote hizo Canberra waliwasukuma, wakabisha hodi mstarini, na hawakupata trai. Keary alipanga, Friend alikaba, mafungu yalimalizika mahali pake. Cronk akarudi uwanjani, ubao haujabadilika. Ikafuata ile amri ya mwamuzi, ya kuwaonyesha Canberra kuwa wana mikabo sita upya kisha kuibatilisha, ambayo watu wa Canberra hawajaisamehe mpaka leo, na muda mfupi baadaye, dakika ya 73, Tedesco akafunga. Ikaisha 14-8, ubingwa wa tatu wa Cronk katika miaka mitatu mfululizo, akiwa na klabu mbili.